Ushuhuda wa Mkoba Uliofungwa

Siku ya chai ya kuniaga, Rehema, Mkenya aliyerithi meza yangu, aliniuliza ni kazi gani iliyonitoa jasho kuliko zote. Nadhani alitegemea nimtajie mashine fulani ya ajabu. Nikamjibu: mkoba wa turubai, ndani ya kanisa la Wakongomani pale mtaa wa La Rochelle, hapahapa Johannesburg. Waliokuwepo zamani walicheka mpaka chai ikamwagika. Wageni wakanitaka niandike. Basi naandika, kwa ajili ya Rehema na wengine wanaoanza kuchora michoro ya uvumbuzi, wawe hapa Johannesburg, Nairobi au Dar es Salaam. Habari za vyeo na mishahara siziandiki. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Asiyeijua kazi yetu aelewe hivi. Mtu akibuni kitu kipya huenda kwa wakili wa hataza, na hataza ni haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze kitu chako bila ruhusa yako kwa miaka kadhaa. Wakili huandika maelezo. Mchoraji, yaani mimi, huchora. Lakini kuna sharti moja ambalo limewaliza watu wazima mbele ya macho yangu: kitu kikionekana hadharani kabla ya ombi kupelekwa, si kipya tena, na haki imekwenda na maji. Haijalishi kwamba ni wewe mwenyewe uliyekionyesha. Haijalishi kwamba ulikionyesha kwa furaha.

Mimi nilitoka Tanga na cheti cha uchoraji wa kiufundi, nikapata kazi kwa mjenzi mmoja wa Kensington, hapa Johannesburg. Kwa hiyo siku nilipoingia ofisi ya mawakili nilikuwa na rula zangu, wino wangu, na jeuri ya mtu aliyekwisha kuchora vyoo vya nusu ya mtaa. Mchoraji mkuu alikuwa Neville, mzee mwembamba wa Eldorado Park aliyevaa tai kila siku na kuichomeka ndani ya shati ili isiguse wino. Alinisalimia, akafungua droo, akanipa koki ya bomba.

"Chora hii," akasema.

Niliichora kwa vivuli, kwa vipimo, kwa mng'ao wa chuma. Nilijipenda. Neville aliitazama kwa muda, akaipongeza sana, akasema itapendeza ukutani sebuleni kwangu. Kisha akaniambia: "Sasa nichoree koki ambayo fundi wa nchi ya mbali, asiyejua lugha yetu, ataitengeneza bila kutuuliza kitu." Wiki nzima nilichora koki. Mistari myeusi tu. Hakuna rangi wala urembo. Kila kipande kina namba yake, na kipande kilichopewa kumi kwenye mchoro wa kwanza kinabaki kumi mpaka wa mwisho. Ukikosea, unakwangua wino kwa wembe, polepole, huku umezuia pumzi. Kompyuta zilipokuja wembe ulistaafu kabla yangu, lakini tabia ya kuzuia pumzi haikunitoka.

Neville ndiye aliyenifundisha pia kufunika kazi. Mgeni akipita mlangoni, hata awe mleta maji, mchoro haupaswi kuonekana. Yeye alitumia gazeti. Mimi nilileta kanga, ambayo maandishi yake yalikuwa ya kumsuta wifi, lakini katika ofisi ile hakuna aliyeyaelewa, kwa hiyo kanga ikafanya kazi yake kwa heshima zote.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilitoka hospitali. Mtaalamu mmoja wa eksirei alichoka kupiga picha za vifua vya watoto wasiotulia, akabuni kiti chenye mikono miwili laini inayomkumbatia mtoto bila kumbana. Kilikuwa kitu kizuri na nilikipenda. Nilimchora mtoto aliyekaa ndani yake, nikampa vishavu na kinywele. Neville akanirudishia karatasi. Mtoto si sehemu ya uvumbuzi, akasema. Kisicho sehemu ya uvumbuzi kinachorwa kwa mistari ya kukatikakatika. Nikamchora upya kwa mistari hiyo, mtoto wa vipandevipande, mtulivu kabisa. Tangu siku hiyo nimechora wagonjwa wengi, chini ya mashine za kupiga picha mifupa, mioyo na mimba, na hakuna hata mmoja aliyekamilika.

Halafu ilikuja kazi ya kiwanda cha chupa, na hiyo sikuipenda mwisho wake. Mhandisi mmoja alitengeneza mkono wa mashine uliookota chupa kwenye mkanda unaotembea, ukazigusa, na kwa mguso tu ukajua ipi ina ufa. Nilihangaika sana nao, maana mwendo hauchoreki. Unachora mkono ulipo, kisha kwa mistari ya kukatikakatika unachora utakapokuwa, na mshale katikati. Michoro ilipokaribia kwisha, yule mhandisi akatuletea picha ili zitusaidie. Ndani ya picha zile mkono wa mashine ulikuwa umesimama katikati ya ukumbi wa maonyesho ya viwanda, umezungukwa na watu wenye vitambulisho shingoni, na yeye pembeni anatabasamu. Maonyesho yalikuwa yamepita. Wakili wetu, Thandeka, wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ameanza, na ni yeye aliyelazimika kumweleza. Yule bwana aliomba maji, akayanywa, akaomba tena. Aliondoka akiwa amelisahau koti lake, na sikuweza kula mchana ule. Nilimwonea huruma kama ndugu yangu.

Sasa mnaelewa kwa nini, miaka mingi baadaye, niliposikia neno "Jumapili" kutoka kinywani mwa Papa Ilunga, niliiona tena ile picha ya ukumbi wa maonyesho.

Papa Ilunga alikuwa fundi wa injini za dizeli, mtu wa Lubumbashi, mnene, mwenye kicheko kinachosikika kabla hajaingia. Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya vyumba vya kupanga La Rochelle. Mafundi mnajua nozeli za dizeli, zile zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini, zinavyoganda kwenye matundu yake kwa masizi. Ikiganda vizuri, inabidi ufungue kichwa chote cha injini, kazi ya siku nzima, na wakati mwingine nozeli inakatikia humohumo. Yeye alitengeneza kifaa kidogo cha kuikamata shingoni na kuivuta juu, bila kufungua kitu kingine chochote. Alipoingia ofisini mara ya kwanza na kunisikia nikisema Kiswahili, alinikumbatia mbele ya mapokezi yote.

"Mama Mwanaidi! Kumbe Mungu alishaka kuweka mtu wetu humu ndani!"

Thandeka aliandika maelezo, mimi nikachora. Ijumaa moja kila kitu kilikuwa tayari, na Papa Ilunga akaja kuhakiki michoro kabla haijapelekwa. Akatoa kifaa kwenye mkoba wake wa turubai, akakiweka mezani. Nikakitazama, nikatazama michoro yangu. Havikufanana.

"Papa," nikasema, "hiki kigurudumu kimetoka wapi?"

"Eh! Umeona?" Uso wake uling'aa. "Ile ya zamani ilikuwa inavuta tu. Hii inavuta na inatikisa. Angalia, mama. Unazungusha hapa na spana, inatikisa huku na huku, masizi inavunjika, nozeli inatoka yenyewe. Akili ilikuja juzi."

Ndivyo walivyo mafundi. Ukiwaachia kitu chao wiki moja, wanakirekebisha. Thandeka aliitwa, akakizungusha kwa mkono wake mwenyewe, akavua miwani. "Eish, Ma," akaniambia kwa Kiingereza, "hiki kigurudumu ndicho uvumbuzi wenyewe. Ile ya kuvuta tu hata bibi yangu angeibuni." Maelezo yangeandikwa upya, michoro ingechorwa upya. Nikapendekeza tupeleke upesi kitu chochote siku hiyohiyo. Akakataa: ukiandika kwa haraka unaacha tundu, na mshindani atapita humo. Jumatatu, akasema, na hakuna wa kukiona kabla ya hapo.

Nilimtafsiria Papa Ilunga. Akakubali kwa kichwa, akaanza kukifunga kifaa, kisha akasema kama anayetaja hali ya hewa: "Jumatatu ni muzuri. Jumapili mi natoa témoignage, kisha Jumatatu nakuja."

Yaani ushuhuda. Alieleza huku amekaa kwenye kiti kilekile cha mhandisi wa chupa. Alipofukuzwa kazi pamoja na wenzake, zamani kidogo, alikuwa amemwahidi Mungu kwamba kitu cha kwanza kitakachotoka mikononi mwake atakileta mbele ya kanisa. Pasta alikwisha kutangaza. Akina mama walikwisha kununua vitenge vya sare. Na katika kanisa lao, aliyepewa kitu akanyamaza anahesabiwa kuwa ameiba sifa za Mungu.

"Papa, ukikionyesha Jumapili, Jumatatu huna kitu," nikamwambia. "Mtu yeyote atakitengeneza, na huwezi kumzuia."

"Mbele ya Mungu pia?"

"Mbele ya Mungu na mbele ya waumini wake wote."

Thandeka, ambaye hupenda kupata njia, aliuliza kama waumini wanaweza kuweka sahihi kwamba watatunza siri. Nilipotafsiri, Papa Ilunga alicheka mpaka akashika meza. "Kanisa letu? Siri?" Kisha kicheko kikakatika, akabaki anautazama mkoba. Nilimwona mtu amebanwa pande mbili, na hakuna upande uliokuwa mbaya. Akivunja ahadi, hatakuwa na uso wa kuingia kanisani. Akiitimiza, chombo cha maisha yake kitakuwa cha kila mtu.

"Nitaomba," akasema, akaondoka na mkoba.

Jumamosi nilichora nyumbani. Kigurudumu kile kilinipa raha ya ajabu. Kilikuwa na tundu lisilo katikati, na ndilo lililofanya mtikiso, na ilibidi nikichore kikiwa juu, kikiwa chini, na mshale wa kwenda na kurudi. Katikati ya kazi nilimpigia simu. Mke wake akapokea. Anaomba, akasema. Nikapiga tena baadaye. Bado anaomba. Nikajisemea huyu mtu ama atakuwa mtakatifu ama atatumaliza.

Asubuhi ya Jumapili nikajitanda mtandio wangu, nikamwambia binti yangu Saida anipeleke La Rochelle. Saida amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote na hujibu kinachomfaa.

"Ma, kanisani? Serious?"

"Kazini," nikamjibu.

Kanisa lilikuwa ghala la zamani la matairi, viti vya plastiki, kinanda, ngoma mbili, na spika za kutosha uwanja wa mpira. Nilikaa nyuma. Bibi mmoja, aliyejitambulisha kama Mama Ngoie, aliniona Mwislamu mgeni katikati ya kitenge cha njano kila upande, akasogea, akanipa nusu ya mto wake wa kukalia bila kuniuliza nimefuata nini. Nilikuwa na roho mkononi. Sikuwa na mamlaka yoyote pale. Nisingeweza kusimama na kupiga kelele. Ningefanya nini, nimrukie mtu madhabahuni?

Akaitwa. Papa Ilunga akapanda na suti ya bluu na ule mkoba wenye mafuta. Akasimulia jinsi kazi ilivyokatika, jinsi alivyotengeneza magari ya watu uani huku mvua inamnyeshea, na jinsi alivyoweka ahadi. Alisimulia vizuri, na watu walimwitikia kila sentensi. Alipofika kwenye kifaa, akauweka mkoba mezani na kufungua zipu.

"Toa tuone, Papa!" pasta akasema kwenye kipaza sauti.

"Tuone! Tuone!" kanisa zima.

Akaingiza mkono. Nikaona bega lake likikaza, ikimaanisha amekishika. Alitazama nyuso zile zote za watu waliompenda na kutaka kufurahi naye, na mimi najua alivyopenda kufurahisha watu. Wallahi nilifumba macho.

Nilipofumbua, mkono ulikuwa umetoka mtupu. Aliunyanyua juu, mweusi kwa mafuta mpaka kifundoni.

"Leo mutaona hii tu," akasema.

Mpiga kinanda akaondoa vidole, akanyoosha shingo aone.

"Mi niliahidi Mungu nitaleta. Nimeleta. Iko hapa ndani. Sasa mi nauliza: Mungu anaona ndani ya sac, ao haoni?"

"Anaona!" mtu mmoja akajibu kwa shaka.

"Anaona ao haoni?"

"Anaona!"

"Basi ye ashaona! Ye njo alinipa! Niliahidi ye, sikuahidi ninyi." Hapo watu wakaanza kucheka. "Avocat, wakili wangu, amesema, mukiona leo, kesho nalia. Munataka nilie?"

"Hapana!"

"Basi mungoje. Lakini musingoje kushukuru."

Pasta alisita. Nilimwona akiupima mkoba kwa macho, kama mtu aliyeandaa mahubiri juu ya kitu asichoruhusiwa kukiona. Kisha naye akaangua kicheko, akafunga zipu kwa mkono wake mwenyewe, akaweka viganja vyote viwili juu ya turubai na kuomba kwa sauti kubwa kwa ajili ya kitu kilichomo, chochote kile kilichomo. Ngoma zikalia. Akina mama wa vitenge vya njano wakaunyanyua mkoba, wakauzungusha kanisa zima wakicheza, na Papa Ilunga nyuma yao akiukodolea macho, akimpiga kijanja kofi la mkono kila mtu aliyejaribu kupapasa umbo lake kwa nje. Mmoja wao, fundi mwenzake, alipapasa mara mbili. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Sijawahi kuona watu wakishangilia kwa nguvu namna ile kitu wasichokijua hata sura yake, na nilitaka kulia kwa furaha, na nililia.

Jumatatu Thandeka alisoma maelezo kwa sauti, mimi nikafuata kwa kidole kwenye michoro, namba kwa namba. Kisha akapeleka ombi, na risiti yake ikarudi kwenye kompyuta. Nikampigia Papa Ilunga.

"Papa, sasa sema. Mwambie unayemtaka."

Hakuniaga. Nilisikia simu ikianguka kwenye kitu cha chuma, na sauti yake ikiondoka kwa mbio kuelekea barabarani.

Hataza yenyewe ilitoka baadaye, baada ya kazi nyingi za wakili ambazo atazisimulia akistaafu. Kifaa chake sasa ninakiona kwenye karakana ninazopita, mpaka Diepsloot, mwisho wa jiji, na kila kimoja kinatengenezwa kwa ruhusa yake. Lakini mimi siku ninayoikumbuka ni Jumapili iliyofuata. Nilirudi kanisani, na safari hii Saida aliingia nami. Papa Ilunga alikuja akisukuma toroli, na ndani yake kichwa kizima cha injini ya lori, kina nozeli iliyoganda miaka mingi, imeota kutu. Akakiweka chini ya madhabahu, juu ya magazeti, kwa sababu akina mama walikwisha kupiga deki. Akafunga kifaa shingoni mwa nozeli. Akazungusha spana. Kigurudumu kikacheza huku na huku kama nilivyokichora, na kanisa zima likazuia pumzi pamoja nami. Ikasikika *tak*, na nozeli ikapanda juu taratibu, nyeusi, nzima.

Kelele iliyofuata nadhani mtaa jirani wa Rosettenville wote waliisikia.

"Muangalie sasa!" Papa Ilunga alipiga ukelele, machozi na jasho vimechanganyika. "Mupige picha! Mutume mpaka Lubumbashi! Muangalie mpaka mushibe!" Akakifungua kifaa, akampa mtu wa kiti cha kwanza, na kikaanza kusafiri mkono kwa mkono, safu kwa safu, juu ya vitenge na suti na nguo za watoto, kikiacha mafuta kila kilipopita na hakuna aliyejali.

Kilipofika kwa Mama Ngoie, alikigeuza juu chini, akakisogeza karibu na macho yake.

"Njo hii tulichezea ile siku?"

"Ndiyo hii, mama."

"Kumbe kadogo hivi!"

Akanikabidhi. Akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti, akaniambia nikishampa jirani nimfuate kwenda kucheza, maana ile mara ya kwanza alikuwa amecheza kwa kukisia. Nikampa jirani. Nikamfuata.